Kisanduku cha Nukta Chumbani kwa Mama Mkwe

Fundi mizani wa mtaa wetu anaitwa Nukta, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimpelekea mizani ya duka, ataing'ang'ania mpaka itofautishe punje moja ya mchele na mbili, ilhali mwenye duka alitaka tu wateja waache kumnung'unikia. Wenzake hufungua redio wapate habari. Yeye huifungua ajue kama kituo kinatetema kwa kasi ileile kinayojitangazia.

Kasi hiyo ndiyo huitwa masafa, na Nukta huipima kwa msaada wa kisanduku alichokiunda mwenyewe, kikubwa kama mkate. Ndani yake mna kipande cha fuwele kinachotetema bila kuyumba, mradi kikae kwenye joto lisilobadilika. Ukikizima, au upepo wa dirishani ukikipiga, kinapoteza mwelekeo, na hukaa siku nyingi kabla ya kutulia tena. Kwa hiyo kisanduku kilikaa katika chumba cha wageni, kimewashwa na kina vuguvugu mwaka mzima, na wageni walilala sebuleni.

Kisha mama mkwe akazidiwa na magoti, ikaamuliwa aje kuishi kwao. Mke wa Nukta, msusi asiyependa maneno mengi, alitoa uamuzi huku akikunja shuka. Mama atalala chumba kile. Kisanduku kibaki kwanza, lakini siku mama atakapokilalamikia, hata kwa kuguna tu, kinahamia banda la nje. Nukta alilijua banda lile: mchana tanuri, alfajiri jokofu. Fuwele isingetulia humo maisha yake yote.

Na shindano lilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Kila mwaka wapenzi wa mchezo huu hupatana saa, mmoja wao akarusha hewani sauti moja tupu, wengine wakaipima na kutuma majibu kwa simu. Anayekaribia ukweli zaidi ndiye bingwa. Zawadi hakuna. Nukta alikuwa na mazoea ya kushika mkia.

Mama mkwe alifika, akafunga dirisha kwa sababu haamini upepo, akakitazama kisanduku, akauliza kama kinauma. Tangu hapo Nukta aliishi kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Mama akikohoa, yeye amesimama. Mama akitaja chai, kikombe kiko mlangoni.

Jumamosi ndipo alipogundua jambo ambalo hakulipima. Mkewe alikuwa saluni. Mama alikuwa kitandani na magoti yake. Na yeye, mkwe mwenye adabu zake, angeingiaje chumba anacholala mama mkwe? Alibaki ukumbini, mdomo karibu na ubao wa mlango, akaomba radhi, akamwomba mama awashe redio iliyokuwa kando ya kitanda.

"Imewaka," mama akajibu. "Inapiga mluzi kama birika."

Nukta akamweleza azungushe kitufe kikubwa, taratibu sana. Zitasikika sauti mbili, moja ya hewani na moja ya kisanduku. Zisipolingana zitayumbayumba; zikilingana, kuyumba kutakoma, na hapo amsomee tarakimu zilizoandikwa kwenye kioo. Nukta akabandika sikio mlangoni.

"Bado wanagombana," mama akasema. "Huyu akisema, yule anamrukia. Ngoja. Sasa wanasemezana vizuri. Haya, wamepatana."

"Una hakika, mama?"

"Nimelea mapacha, mwanangu. Nawajua waliopatana, na walionyamaza kwa sababu wamesikia nakuja."

Akasoma tarakimu moja moja, kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio, na Nukta akazituma kama zilivyo.

Majibu yalitoka jioni. Nukta alikuwa wa pili. Aliusoma ujumbe akiwa amesimama, akausoma tena akiwa ameketi, na furaha yake ikaingia wasiwasi, maana vifaa vilikuwa vilevile vya mwaka jana. Mkewe aliporudi alikwenda moja kwa moja kumjulia mama hali. Alitoka akiwa amekunja uso.

"Unajua kisanduku chako kiko wapi?"

"Mezani."

"Kiko kitandani. Chini ya blanketi, kwenye goti la kulia la mama. Tangu siku aliyofika."

Nukta akaelewa yote kwa mkupuo: dirisha lililofungwa, blanketi zito, na joto la mtu mzima asiyependa kujigeuza. Kwa miaka yote hiyo fuwele ilikuwa ikitafuta mlezi.

"Na amekilalamikia," mkewe akaongeza.

Nukta akaliona banda, na panya wake. Akauliza kwa sauti ndogo mama amesema nini.

"Eti goti la kushoto linaonewa. Anataka kingine."

Mkewe alibaki pale katikati ya sebule, hajui kama hilo nalo lihesabiwe kuwa ni lalamiko. Nukta hakumngoja. Alishafika ukumbini, akabisha hodi, akauliza kwa heshima zote ni joto kiasi gani lingelifaa goti la kushoto.