Zamu Yangu ya Umeme

Nilipoleta bajaji ya umeme Same, watu walicheka kwanza, wakauliza baadaye. Swali lilikuwa moja: utachajia wapi? Vituo vya mafuta vipo, lakini mahali pa wazi pa kuchajia chombo cha umeme hapakuwepo kabisa. Fundi wa kuchomelea vyuma alinivumilia wiki moja, akanichoka. Mwenye baa naye akasema naziba njia ya wateja.

Kaka yangu, ambaye naishi uani kwake tangu niachike, hakutaka hata kuiona karibu na ukuta wake. Eti itamuunguzia nyumba.

"Mnunuzi nimeshampata, mdogo wangu," aliniambia. "Mwisho wa mwezi iuze, urudi shambani."

Shamba lenyewe ni lake. Bajaji ndiyo ilikuwa mali yangu pekee duniani, nami niliapa haitauzwa nikiwa hai.

Kijijini kwetu, chini ya mlima, tuna ndiva, bwawa la kuhifadhi maji ya mfereji, na maji hayo tunayagawana kwa zamu. Kamati ya mfereji ina stoo yenye umeme, hatua chache kutoka barabarani. Nikamwendea mwenyekiti.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Umefuata maji?"

"Nimefuata soketi. Iwekwe kando ya barabara, achaji yeyote mwenye chombo cha umeme. Umeme kila mtu atajinunulia."

Walikubali, nikafurahi mapema. Kamati yetu haijui kugawa kitu ila kama inavyogawa maji: kaya kwa kaya, kuanzia juu ya mfereji kushuka chini. Basi kaya zote zikapewa siku za kuchaji, wazee wasio na hata baiskeli wakapata zamu, na mimi mwenye bajaji nikakosa. Kaya yetu imeandikwa jina la kaka. Ningeweza kuazima zamu za majirani, lakini kwa desturi haazimi mtu asiye na yake ya kurudisha.

"Zamu yangu simpi mtu," kaka alisema, akitabasamu. Nilitamani kumrushia kikombe.

Likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tuchimbe mtaro wa waya kutoka stoo hadi barabarani. Kila kaya ilipimiwa kipande chake kwa mpini wa jembe. Kaka hakutokea. Alizoea kwamba mimi humchimbia, na sifa anachukua yeye. Nilichimba tangu asubuhi, ardhi yote mawe, viganja vikatoka malengelenge, na kila jiwe nililong'oa nililitukana kwa Kipare.

Katibu akapita na daftari. "Kipande hiki cha kaya gani?"

"Yangu."

"Nimeuliza kaya."

"Nimekujibu. Andika jina langu. Aliyekosa msaragambo muandike amekosa."

Majembe yakasimama. Mwanamke wa kipande cha jirani, mjane aliyechimbia wanaume wengi maisha yake, akanyoosha mgongo. "Asiyechimba hana maji. Sheria hiyo mmetusomea tangu tukiwa wasichana. Leo imebadilika?"

Mwenyekiti alitazama viganja vyangu, akatazama mtaro. Hakupenda, nilimwona wazi. Lakini sheria ilikuwa ya babu zake mwenyewe, angeikana vipi? Akamwashiria katibu aandike.

Siku ya zamu yangu nilichomeka bajaji mchana kweupe, kila apitaye aone. Mjane yule akaja kuniazima zamu yake, na wengine wawili nyuma yake. Mnunuzi nilishamwambia akatafute kwingine.

Kisha akatokea kaka, begi mkononi, anakimbilia basi la Dar.

"Chomoa hiyo, unipeleke stendi. Nachelewa."

"Zamu yangu haijaisha, kaka," nikamwambia. "Keti."

Alitazama barabara juu na chini, hakukuwa na bodaboda hata moja. Akaketi kwenye kizingiti cha stoo, begi mapajani, akasubiri betri yangu ijae.