Mkono Uliokataliwa Igalula

Kabla ya kuugua nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni mkono wangu wa kulia. Ninaandika habari za mkono huo kwa ajili yenu mlio na kazi na mlionaswa na kilevi, mnaoogopa kwamba siku mtakayoomba tiba ndiyo siku mtakayofukuzwa. Hofu hiyo nusura iniue. Nitaeleza yote, hata yale ambayo mama yangu angependa niyaache.

Jina langu ni Paulo. Nilizaliwa Gongoni, hapa Tabora. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama alilima mihogo na karanga nje ya mji. Shule ya misheni niliiacha mapema, nikaajiriwa stesheni kufagia. Ofisi ya simu, yaani telegrafu, ilikuwa na dirisha moja, nami nilifagia chini ya dirisha hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ili nisikilize mtambo unavyogonga. Nyumbani niligonga vile vile kwa kijiko kwenye kitako cha sufuria, nukta na vistari, mpaka mama akasema kwa Kinyamwezi kwamba nikitoboa sufuria yake nitakula mihogo mibichi. Hakuna aliyenifundisha. Nilipojaribiwa kwenye mtambo sikukosea hata herufi, nikapewa kiti cha karani.

Watu wasioijua kazi hii hudhani sauti ya mtambo ni moja. Sivyo. Kila mpiga simu ana mkono wake, na wenzake wa njia nzima wanautambua kama mnavyotambua sauti ya ndugu yenu nje ya mlango. Bwana Mihayo, karani wa Igalula, stesheni ndogo upande wa mashariki, hakuwahi kuuona uso wangu. Lakini nikigusa mtambo tu alikuwa akijibu, "Paulo, leo unapiga kama mwenye harusi." Nilifurahi siku nzima kwa neno kama hilo.

Ubaya wangu ni kwamba sikuweza kuvumilia kosa. Nikipiga herufi vibaya nilirudi nayo nyumbani, nikaendelea kuipiga kwa kidole mezani. Siku mkaguzi alipokuja kusimama nyuma yangu, vidole vilianza kutetemeka. Karani mwenzangu alinipitishia kikombe cha chai. Haikuwa chai, ilikuwa gongo. Nilimeza, nikasikia moto kifuani, kisha mkono ukatulia kama jiwe. Mkaguzi alinisifu.

Tangu hapo nilikunywa kabla ya zamu ngumu, baadaye kabla ya kila zamu. Nilinunua kwenye nyumba moja mtaa wa Chemchem, mlango wa nyuma. Sikuwa mlevi wa kuimba barabarani. Nilivaa shati lililopigwa pasi na nilitafuna karafuu. Lakini asubuhi nilitapika maji ya njano yaliyochoma koo. Jasho langu lilinuka. Miguu ilivimba hata viatu vikanikataa, na mkono ule ule niliotaka kuutuliza haukuweza kufunga kifungo mpaka nimeze kwanza.

Aliyesema wazi ni Sefu, pointimani wetu, yule anayegeuza njia za reli. Sefu ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, maana Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu misafara ya wapagazi. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kukasirika. Siku moja chai ilinimwagikia mapajani, naye akapaza sauti: "Jamani, mwoneni! Babu zake walibeba pembe kichwani kutoka hapa mpaka kwetu pwani, shingo hazikutikisika. Huyu kikombe kimemshinda!"

Wote walicheka. Akaendelea: "Msibani kwako mimi ndiye nitakayeondoka na sufuria ya pilau. Lakini usiharakishe, wiki hii nimeshiba."

Nami nilicheka. Sefu hakucheka.

Kisha ikaja asubuhi niliyotapika damu. Mama aliingia kabla sijamwaga beseni.

"Hii nini, Paulo?"

"Nimekula zambarau, mama."

"Zambarau gani? Hata maua hayajatoka." Akakaa chini sakafuni, akalishika lile beseni kama linavyoshikwa beseni la kunawishia wageni, na hakuliachia mpaka nilipokubali kwenda naye hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa mama wa Kizungu. Alinibonyeza chini ya mbavu, upande wa kulia, nikapiga kelele. Akasema ini limevimba na ni lazima nilazwe. Nilimwambia siwezi, nina kazi. Nikilazwa, watu wa stesheni watauliza sababu, na wakijua, nimekwisha.

"Ukiacha pombe ghafla huku unaendelea na shughuli zako, unaweza kuanguka kifafa," alisema. "Kazini usiende."

Nilikataa kitanda, nikakubali dawa. Bwana Yohana, dresa wa hospitali, yaani msaidizi wa daktari, alinipa chupa ya dawa ya kutuliza mwili. Ilikuwa na harufu kali ajabu kama ya kileo, ikitoka kwenye pumzi hata ukisukutua. Sikuifikiria harufu hiyo. Nilifikiria zamu yangu tu.

Kesho yake nilikwenda kazini bila kuonja gongo. Niliapa kwamba hiyo ndiyo siku nitakayofanya kila kitu sawasawa. Treni ya abiria ilikuwa imesimama, watu wametoa vichwa madirishani, na kazi yangu ilikuwa kuomba njia Igalula. Reli ni moja. Stesheni ya mbele isipokupa njia, treni haiondoki, maana nyingine inaweza kuwa inakuja.

Niliweka mkono wa kulia kwenye mtambo. Ulikuwa ukiruka kama kuku aliyechinjwa. Hapo nikafanya ujinga ambao mpaka leo najiuliza ulitoka wapi. Nilihamia mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeufundisha kwa siri miezi ya nyuma, kwa sababu sikutaka kuwe na jambo la mtambo nisiloliweza, na ulikuwa ukitetemeka kama nusu tu ya mwenzake. Nikapiga polepole, herufi zote sahihi.

Igalula haikunipa njia. Kisha Mihayo akauliza, "Nani wewe?"

Nikapiga, "Paulo."

"Paulo namjua. Wewe sikujui. Mwite stesheni masta."

Alifuata kanuni. Ukimtilia shaka anayeomba, humpi njia. Nilirudia, akakataa. Nikarudia tena, nikitokwa na machozi, akakataa. Treni ikaendelea kusimama. Nje kelele za abiria zilianza kupanda.

Stesheni masta wetu, Mgoa mwenye mvi, mtu asiyependa maneno mengi, aliingia akaniinamia. Harufu ya dawa ikampiga puani.

"Umelewa kwenye mtambo wangu," alisema.

Sefu alikuwa mlangoni na bendera yake. Sikumwomba aseme. "Hapana, Bwana Masta," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Siku zote hizi ndizo alizokuwa amelewa, na wewe ukimsifu. Leo ndiyo kwanza hajanywa. Ndiyo maana unamwona hivi."

Nilitaka kumkana. Nilifungua mdomo, taya likakaza, na sikumbuki kingine. Wananiambia nilianguka, nikapiga kichwa kwenye mguu wa meza, nikang'ata ulimi, nikajikojolea mbele ya wote. Sefu alinilaza ubavu. Masta mwenyewe alikaa kwenye kiti changu akaomba njia, na Mihayo akampa.

Hospitalini nilipoteza akili, nikafungwa kitandani. Mchana jua lilipopasha mabati, yalilia ta, ta, ta, kama mabati yanavyolia. Mimi niliyasikia yakituma simu, na simu zote zilikuwa na makosa. Nilimlilia mama anifungue nikazisahihishe kabla treni hazijagongana. Niliona siafu wakitoka ukutani wakiingia chini ya kucha zangu. Niliharisha kitandani. Bwana Yohana alibadilisha shuka na kuniosha kama maiti, mimi nikimtukana. Nilipopata fahamu niliomba radhi. Akasema, "Wewe si wa kwanza, wala matusi yako si makali kama unavyodhani."

Daktari alinichoma sindano za vitamini, akanipunguzia ile dawa kidogo kidogo. Uji ulipoanza kukaa tumboni, nilianza kupanga nitakavyowaambia stesheni kwamba ilikuwa malaria iliyopanda kichwani.

"Malaria uongo mzuri," alisema Bwana Yohana. "Utakufaa mpaka siku ya kutetemeka tena. Siku hiyo utawaambia nini? Tauni?"

"Wakijua ukweli watanifukuza."

"Huenda. Lakini mimi siwezi kumtibu mtu anayejificha. Nikikuhitaji hapa asubuhi, utawadanganya nini huko kazini ili uje?"

Nilipotoka hospitali nilimwendea masta. Nilisimama. Nilimweleza gongo, karafuu, mkono wa kushoto, kila kitu. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, lakini yalitoka ovyo, nikalia.

Alinisikiliza akiangalia reli. "Kanuni inaniruhusu kukufukuza leo," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Yule wa Igalula anauliza kila siku kama umekufa. Nimechoka kumjibu." Akanigeukia. "Mtambo hutaugusa. Utasafisha taa. Kila asubuhi utakwenda kwa huyo dresa wako, utakunywa dawa mbele yake, kisha utakuja hapa nikunuse. Siku usipokwenda, usije na huku."

Ndivyo nilivyobaki kazini. Sikushangilia. Mimi niliyekuwa karani nilirudi kukata tambi za taa, na harufu ya mafuta ya taa ilinikumbusha gongo mpaka mate yakanijaa. Dresa alininywesha dawa na kunichoma sindano matakoni, masta akaninusa kama mwanamke anavyonusa maziwa ya jana. Yule karani aliyenipa kikombe cha kwanza aliacha kunisalimu. Sefu pekee ndiye alipita akisema, "Shikamoo, karani wa taa!" nami nikamjibu marahaba, ingawa yeye ni mkubwa kuliko mimi, na hiyo ilikuwa furaha yangu ya siku.

Niliirudia pombe mara moja tu. Binamu yangu alifariki, na matangani walipitisha kibuyu cha pombe. Nilikunywa. Asubuhi sikusubiri kunuswa. Nilimwambia masta mwenyewe, na Bwana Yohana pia. Wakati huo nilikuwa nimeahidiwa kurudishiwa mtambo. Masta alisema neno moja, "Taa," nikarudi kwenye taa, na mvua zote za mwaka ule zikapita nikiwa huko. Nilitamani kufa. Mama alilala kwenye mkeka mlangoni kwangu ili nisitoke bila kumkanyaga.

Niliporudishwa kwenye mtambo hatimaye, masta alisimama nyuma yangu. Nikaiita Igalula.

"Mkono gani?" aliuliza Mihayo.

"Wa kulia."

"Piga."

Nikaomba njia. Mkono ulitetemeka, si kama mwanzo, lakini ulitetemeka, na yeye aliusikia. Nilihesabu pumzi za masta shingoni mwangu. Kisha Mihayo akajibu, "Umeharibika, lakini ni wewe," akanipa njia. Nje, Sefu akainua bendera.

Ningependa kuwaambia kwamba nimepona kabisa. Sivyo. Ini bado lina uvimbe, na daktari hanifichi. Ncha za vidole zina ganzi. Sipigi tena kama mwenye harusi, na simu ndefu hupewa mwenzangu. Ninafanya makosa. Kila moja linaniuma, na sina tena kitu cha kutulizia uchungu huo.

Nawashukuru mama, Sefu, Bwana Yohana na daktari wake, masta asiyependa shukrani, na Bwana Mihayo, ambaye kwa kunikataa aliniokoa mimi na wale abiria waliokuwa madirishani, ambao njia yao ilikuwa mikononi mwa mtu anayekaribia kuanguka. Kwenu ninyi mnaokunywa kwa siri ili muonekane wazima kazini: msiache peke yenu kwa ghafla, mwili unaweza kuanguka. Nendeni hospitali. Kisha ninyi wenyewe mwambieni mkubwa wenu, kabla mwili haujamwambia. Anaweza kuwafukuza, na sitasema uongo kwamba hatafanya hivyo. Mkipewa taa, safisheni taa.

Mimi leo nina zamu ya mchana. Nimetoka kwa dresa, mkono wangu hautulii vizuri, na ninakwenda nao hivyo hivyo.