Kiapo cha Bakari

Kuku wote niliokula utotoni walichinjwa na Waislamu. Kwetu ni Rondo, na sisi ni Wakristo tangu enzi za babu, lakini baba alihamishiwa Kitomanga kufundisha shule ya msingi, na pale mtaani Wakristo tulikuwa sisi na nyumba nyingine moja tu. Ukichinja mwenyewe, unakula mwenyewe. Baba alikuwa akisema kitoweo cha kula peke yako hakina ladha, kwa hiyo kila Krismasi jogoo wetu alipelekwa kwa jirani, akachinjwa, akarudi, na mchana jirani huyo na wanawe wakaketi mkekani petu kumla. Nilikua nikidhani ndivyo wanavyofanya Wakristo wote duniani.

Ndiyo maana asubuhi ile, ng'ambo ya Ruvuma, nilimshika kuku miguu nikamwita Kaka Bakari aje na kisu.

Bakari hakuwa kaka yangu wa kuzaliwa. Alikuwa mtoto wa yule jirani aliyekuwa akituchinjia, akamwoa Mwanahawa, shoga yangu wa utotoni, na tangu hapo mimi na Mwanahawa tukaitana wifi. Bakari aliuza vitenge, mimi nilishona. Huko Msumbiji kulikuwa na kijiji cha soko ambacho sitakitaja jina, na miaka ile biashara ilikuwa imechangamka kuliko kwetu Lindi. Tulipanga kibanda kimoja, vitenge vyake vikining'inia mbele, cherehani yangu nyuma. Mimi nililala kwa mama mmoja mjane, yeye alilala kibandani na mali. Mwanahawa alibaki Kitomanga na mikorosho yao. Siku tunaondoka aliniambia, "Nakukabidhi huyu, wifi. Asije akaoa huko, na unirudishie mzima."

"Mama Askofu," Bakari alisema asubuhi ile akinoa kisu, "kesho hufungui tena?"

"Kesho Jumapili, kaka."

"Na sare za watu?"

"Watazifuata Jumatatu. Wewe mbona Ijumaa unafunga?"

"Mimi nafunga kidogo nasali narudi. Wewe unafunga siku nzima kama benki."

Akamlaza kuku, akataja jina la Mungu, akachinja. Alikuwa mtu wa mzaha kwa kila kitu isipokuwa jina hilo. Sokoni watu huapa kutwa, Wallahi hii, Wallahi ile, na nusu yake ni uongo mtupu. Bakari hakuapa hata siku moja. Mteja akimwambia, "Apa kama hakichuji," yeye humjibu, "Kakifue ukione. Kitenge hakimhitaji Mungu." Alipoteza wateja kwa ajili hiyo, na hakujali.

Baba yangu angempenda kwa hilo. Nyumba yetu Kitomanga ilipakana na chuo cha Kurani, na watoto walipokuwa wakisoma kwa sauti, mimi upande wa pili wa ukuta nilisoma nao. Maneno ya shahada, yale ambayo mtu akiyatamka kwa moyo amekuwa Mwislamu, niliyajua kabla sijaimaliza Baba Yetu. Siku moja baba alinisikia nikiyaimba huku napepeta mchele. Hakugomba. Alisema, "Vero, ukisema kitu mbele ya Mungu, ukimaanishe. Imani ya mtu haiazimwi kama ungo."

Nilikuwa mtoto. Sikujua kwamba sentensi hiyo nitaibeba mpaka njiani kule.

Kuku hakuiva. Tuliona moshi upande wa kusini, mwingi, mweusi, na kabla hatujaulizana, watu wakaanza kupita mbele ya kibanda wakikimbia na watoto mgongoni. Walikuwa wakisema neno moja tu, "Wamefika." Tulikuwa tumewasikia kwa miezi, wale watu wa msituni wenye bunduki na mapanga, lakini siku zote walikuwa mbali, kijiji cha mtu mwingine. Bakari alichukua chupa ya maji. Akaviacha vitenge vyote vikining'inia.

Tulishika njia ya mtoni, kaskazini, katikati ya mikorosho. Tulikuwa kundi la watu kumi na kitu. Mchanga ulikuwa mzito.

Wakatokea mbele yetu. Hawakukimbia. Walikuwa wamekaa tu, kama watu wanaosubiri gari.

Walikuwa vijana. Mkubwa wao alizungumza Kiswahili cha pwani, laini, na kilichonitisha kuliko bunduki yake ni kwamba sauti ile ingeweza kuwa ya mteja wangu yeyote. Walituketisha kwenye mchanga. Yule mkubwa akatupitia mmoja mmoja, akisema neno moja.

"Tamka."

Aliyetamka shahada alivukishwa upande wa pili wa njia. Mzee mmoja Mmakonde alijaribu, akakosea katikati. Walimpeleka nyuma ya mikorosho. Sikutazama.

Bakari alitamka, akavukishwa.

Akanifikia mimi.

"Tamka."

Sikutamka.

Watu kanisani huniuliza kama Roho ndiye aliyenishika ulimi. Sijui. Ninachokumbuka ni kwamba maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga yenyewe, kwa sauti ile ile ya watoto wa chuoni. Niliogopa mpaka mkojo ukanitoka, ukashuka miguuni. Hata hivyo nilikuwa nikimsikia baba na ungo wake. Nilimpenda Yesu tangu nikiwa mdogo, na sikuweza kumwacha pale kwenye mchanga. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwa sababu nilikuwa jasiri.

"Tamka, mama."

"Huyo ni mke wangu," Bakari alisema kutoka ng'ambo ya njia. "Bubu huyo. Hasemi."

Mkubwa wao akageuka. "Apa."

Bakari alitazama chini. 

"Wallahi," alisema.

"Apa tena."

"Wallahi al-adhimi. Ni mke wangu, na hasemi."

Yule kijana alinitazama muda, kisha akanipiga begani kwa kitako cha bunduki.

Nikalia, "Yesu!"

Sikuchagua. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyomwita mama yake. Yule kijana hakunigusa tena. Aliniacha, akavuka njia, akamwendea Bakari. "Umemwapia Mungu uongo, mzee," alisema bila hasira. Akampiga risasi ya tumbo.

Nilifumba macho nikingoja zamu yangu. Badala yake nikasikia helikopta, upande wa mtoni, ikija chini sana. Nilipofumbua, wale watu walikuwa wamekwisha potelea kwenye mikorosho, na waliokuwa wameketi nami wamekimbia kila mtu na njia yake.

Nilibaki na Bakari.

Nilimwekea kitenge changu tumboni nikakandamiza. Alikuwa na akili zake zote, na hakulalamika maumivu. Alichokisema kilikuwa hiki: "Vero, nimeapa uongo."

"Uliapa kwa ajili yangu, kaka. Mungu anajua."

"Nimeapa uongo," akarudia. "Lisiwe la mwisho. Nitamkishe."

Nilimwelewa. Nimekulia Kitomanga, nimeona watu wakifa. Mwislamu akiwa katika kukata roho, lazima awepo mtu wa kumsemea shahada sikioni ili aifuate, iwe ndiyo kauli yake ya mwisho. Nilinyanyua kichwa nikatafuta mtu. Mwislamu yeyote. Niliita. Njia nzima ilikuwa tupu, kandambili tu za watu zimetapakaa mchangani.

"Unayajua," Bakari alisema. "Nilikuwa nakusikia ukutani tangu mdogo."

Nikaweka mdomo sikioni kwake nikayasema. Polepole, neno kwa neno, kama tunavyomfundisha mtoto. Alinifuata mpaka mwisho. Nikayasema tena, na mara hii sauti yake haikutoka, midomo ikacheza tu, na kidole chake cha shahada kikainuka kutoka kwenye mchanga. Kikabaki juu kidogo. Kisha kikalala.

Nilimgeuza ubavu wa kulia, uso Kibla. Nilitaka kumchimbia, hata kwa mikono, lakini askari walifika wakanisukuma niende mtoni na wengine. Nililia nikiwaomba tumbebe. Hawakuwa na nafasi ya kubeba wafu. Mpaka leo sijui nani alimzika, au kama alizikwa. Hilo ndilo hunirudia kila nikikaa kushona: kwamba nilimwacha juu ya ardhi mtu ambaye asingeniacha.

Nilipofika Kitomanga, habari zilikuwa zimenitangulia. Mwanahawa alikuwa amekwisha kaa eda, ndani, kwenye chumba chenye dirisha moja, amevaa nguo nyeupe. Nilipiga magoti mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa mengi, naye aliuliza moja.

"Alitamka?"

"Alitamka, wifi. Mpaka mwisho."

"Nani alimtamkisha?"

"Mimi."

Alinisogelea. Kisha akaivuta mikono yangu yote miwili akaibusu, akalia, akasema Alhamdulillahi mara nyingi mno. Nami nikalia. Hakuniuliza ilikuwaje hata akapigwa risasi, na mimi sikumwambia. Nilijiambia mwenye eda habebeshwi mzigo wa pili.

Kanisani walitaka ile habari nyingine. Padri aliniita mbele Jumapili moja nitoe ushuhuda, nikasimama nikaeleza kwamba niliambiwa nitamke nisitamke, na nilipopigwa nikamwita Yesu. Akina mama walipiga vigelegele. Padri alisema kwa machozi, "Neno moja tu angelisema angejiokoa, naye hakulisema!" Habari ya Bakari niliitaja kwa haraka, jirani aliyeapa uongo ili anisaidie. Habari ya sikioni kwake sikuitaja kabisa. Nilirudi kwenye benchi watu wakinishika mabega, hata lile lililokuwa bado linauma.

Nimeendelea kushona. Sokoni kwetu watu bado wanaapa kutwa, na kila nikisikia Wallahi ya muuza dagaa au ya mpiga debe, mkono unasimama kwenye gurudumu la cherehani. Wenzangu wamezoea. Hudhani nimesinzia.

Ushuhuda wa kanisani Kitomanga haukai kanisani. Ulitembea, ukapita sokoni na kisimani, na ulichukua muda wake, lakini ulifika.

Mkesha wa Krismasi iliyopita Mwanahawa alikuja kwangu. Amezeeka sasa, sote tumezeeka. Tangu Bakari afariki, huwa anamtuma shemeji yake aje kunichinjia kuku. Mara hii alikuja mwenyewe na kuku amekwisha chinjwa na kunyonyolewa, kwenye sufuria yenye mfuniko. Nilimkaribisha. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Wifi," alisema, "nimesikia uliyoyasema kanisani kwenu."

"Naam, wifi."

"Ni kweli kwamba Bakari aliapa?"

"Kweli. Mara mbili."

Alitikisa kichwa. "Bakari aliapa," alisema, kama anayejaribu nguo isiyomkaa. Kisha akauliza, "Na wewe walikutaka useme nini?"

"Shahada."

"Ile ile uliyomtamkisha?"

"Ile ile."

Alirekebisha mfuniko wa sufuria. Nje wapita njia walikuwa wakisalimiana.

"Ulipomsemea pale sikioni," aliuliza, "uliyaamini yale maneno?"

Ningeweza kumdanganya. Angefurahi, pengine. Lakini mimi ni mtu niliyeshindwa kudanganya mbele ya bunduki. Nitamdanganyaje Mwanahawa?

"Hapana, wifi. Niliyasema kwa ajili yake."

Alinitazama. Hakukuwa na chuki usoni mwake, na laiti ingekuwepo, ningeivumilia.

"Basi na kule njiani," alisema, "ungeyasema kwa ajili yake."

 Alinyanyuka, akajifunga vizuri kanga yake, akaniaga kama kawaida, na kunikumbusha nisizidishe chumvi kwa sababu ya presha yangu. Siku ya pili alikuja na wajukuu tukamla yule kuku mkekani. Hatukulizungumza tena.

Nimelipeleka swali lake kwa Mungu mara nyingi, kwa magoti, na sijajibiwa. Padri nilimwambia yote mwishowe, na yeye pia alinyamaza, nami nilimheshimu kwa hilo. Imani yangu ninayo. Sijaiacha, wala haijaniacha. Nikisimamishwa tena kesho kwenye njia ile, nikaambiwa tamka, nadhani nitanyamaza tena.

Na Bakari, nadhani, ataapa tena.