Biskuti Sita kwa Siku

Miaka thelathini na moja Jytte Overgaard alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee pale Struer, mji mdogo wa Denmark. Aliwapondea viazi waliokosa meno, na waliopoteza kumbukumbu aliwakumbusha kwa upole kwamba wameshakula. Alipostaafu, mikono ikakosa kazi. Mume alikuwa amekufa zamani, mtoto hakujaliwa, na mbwa wake wa mwisho, jike jeusi la miaka kumi na minne, alimzika majira ya baridi. Mwanamke wa namna hiyo huwezi kumwambia akae dirishani atazame mvua. Hawezi, na mimi simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa yaliyofuata.

Ilianza na biskuti. Alinunua ini la nguruwe lililosagwa, lile la kwenye kisahani cha foili ambalo watu wa kwao hupaka kwenye mkate mweusi tangu wangali na meno mawili. Akalichanganya na oti, yai moja na karoti iliyokwaruzwa, chumvi hakuongeza. Akasukuma, akakata vipande vidogo kwa kisu, akavioka kwa moto mdogo. Kisha akauacha mlango wa oveni wazi kidogo, umezuiwa kwa mwiko, ili vikauke mpaka vikivunjwa vitoe mlio. Nyumba nzima ilinuka ini, na upande wa pili wa ua pua moja ikainuka.

Pua yenyewe ilikuwa ya Sofus, mbwa wa jirani, mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi. Mwenye mbwa ni Holger Bundgaard, fundi redio mstaafu wa miaka sabini na tisa, aliyebaki na Sofus baada ya mkewe Gudrun kufa. Nyumba za Holger na Jytte zimeshikana ukuta. Bustani zao zimetenganishwa na ua wa mimea, na chini ya mimea hiyo mna nafasi ya kupitisha mkono. Mkono wa Jytte ulipita asubuhi, ukapita mchana, ukapita jioni. Biskuti sita kwa siku. Siku za mvua, nane.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Mwezi wa tano uliofuata, daktari wa wanyama akamwambia Holger bila kumung'unya maneno: mbwa amenenepa, pingili za mgongo zinaumia, na asipopungua kilo mbili miguu ya nyuma itapooza. Holger akaja mpaka kwenye ua.

"Jytte, nikuulize kitu, usichukie. Wewe humpi chochote huyu? Hata kipande cha mkate?"

"Mimi? Sijampa kitu, Holger."

Basi, uongo wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Alidhani ataacha siku hiyohiyo, na jambo litakwisha bila mtu kuaibika. Na kweli aliacha, siku nne nzima. Siku ya tano Sofus alikaa upande wa pili akilia kwa sauti nyembamba, na Jytte akajiambia: kipande kimoja tu. Jamani, nani hajawahi kujidanganya kwa kimoja? Kufika mwisho wa wiki vilikuwa sita tena.

Holger akanunua mizani ya jikoni. Akawa anapima chakula cha mbwa kwa gramu, na yeye mwenyewe akaacha siagi ili wateseke pamoja.

"Sasa wewe ndiye unayekonda, bwana," Jytte alimtania. "Daktari alisema mbwa."

Holger akacheka. Lakini alipompeleka Sofus kupimwa, uzito ulikuwa uleule, na mara ya tatu ukawa umezidi. Baada ya hapo hakucheka tena. Mchana mmoja wa mwezi wa nane alimkaribisha Jytte kahawa.

"Nadhani ni kichwa changu," alisema.

"Kichwa kimefanya nini?"

"Nampa chakula, nasahau, nampa tena. Nimetafuta jibu jingine sioni. Gudrun alianza hivihivi, si unakumbuka? Akipika chakula cha mchana mara mbili, na ukimwambia tumeshakula anakasirika. Juzi nimekuta mkate umekwisha, sijui nani kaula."

"Umeula wewe, Holger. Unaishi peke yako."

"Ndiyo. Na sikumbuki."

Mkono wake ulikuwa ukikunja pindo la kitambaa cha meza na kulikunjua. Jytte alikuwa ameishi na mikono ya aina hiyo. Alijua mtu anapoanza kujishuku: haulizi tena leo siku gani, kwa kuogopa jibu. Alijua pia kwamba mtu aliyeketi mbele yake hana ugonjwa wowote, ana akili timamu kumzidi yeye. Neno moja lingetosha. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa akimla Holger aliomba maziwa kidogo, akakoroga kahawa, akasema: "Usijali. Uzee una mambo yake."

Maneno hayo ndiyo yaliyomsuta kuliko biskuti zote. Akiosha vyombo anayasikia, akifunga viatu anayasikia.

Wiki iliyofuata Merete, binti wa Holger, alikuja kutoka mji wa Aarhus. Baba na binti wakazungumza siku mbili. Wakakubaliana Holger aache kuendesha gari, na wajaze fomu ya kuombea nafasi katika nyumba ya wazee, ileile alikopika Jytte. Jumapili mchana, Merete alipokwisha kuondoka, Holger alibisha mlango wa jirani yake. Mkono mmoja ameshika kamba ya Sofus, mwingine kikapu cha kulalia.

"Mchukue wewe," alisema. "Mimi nitamuua kwa kumlisha. Na anakupenda, sijui kwa nini, akiuona mlango wako tu anavuta kamba. Kwako atakuwa salama."

Jytte akaipokea kamba. Alimtamani mbwa huyu tangu amzike wake, naye sasa kaletwa mlangoni na kikapu chake. Sofus alikwenda moja kwa moja jikoni, akaketi mbele ya oveni. Dirishani Jytte alimwona Holger amesimama kwenye njia ya bustani, anapapasa mifuko ya koti, labda alidhani kamba bado anayo. Jytte akakaa chini sakafuni palepale. Alijichukia. Sina neno laini zaidi la kuweka hapo: alijichukia, na mbwa akamlamba vidole.

Alivumilia mpaka Jumatatu saa nne asubuhi. Akapiga moyo konde, akachukua kopo la biskuti na mbwa, akaenda. Njiani alikuwa amepanga la kusema na la kuacha. Angesema biskuti. Swali la mwezi wa tano angeliruka, maana aliomba Mungu kwamba hilo moja Holger awe amelisahau kweli.

Holger alifungua kopo, akainusa biskuti moja.

"Ngapi?"

"Sita kwa siku. Tangu mwaka jana. Wewe hukumlisha mara mbili, Holger. Ni mimi."

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau hata siku moja."

Holger akalirudia neno hilo mara mbili kwa sauti ndogo, kisha akachukua simu, akampigia binti yake, akaiweka mezani ikiwa kwenye spika. "Mwambie ulivyoniambia."

Jytte akamwambia. Merete alisikiliza mpaka mwisho, akajibu taratibu, kwa upole.

"Jytte, wewe ni mtu mwema sana. Baba ana bahati ya jirani. Lakini usimfunike kwa huruma, tafadhali. Mama naye tulimfunika hivyohivyo, tukachelewa."

"Simfuniki. Nilimpa mbwa biskuti."

"Sawa, ulimpa. Lakini baba si mjinga, lazima angekuuliza. Na angekuuliza, wewe si ungemwambia?"

Holger alikuwa akiitazama simu, hakumtazama Jytte. Hapo Jytte aliona wazi kwamba akinyamaza atatoka mlangoni pale akiwa bado mtu mwema, na Holger atakwenda kwenye nyumba ya wazee.

"Aliniuliza," alisema. "Mwezi wa tano, kwenye ua. Nikasema sijampa kitu. Mwezi wa nane akaniambia anaogopa ana ugonjwa wa mama yako, nikamwambia uzee una mambo yake. Merete, nimefanya kazi na wagonjwa hao miaka thelathini na moja. Nilijua hana kitu. Nilijua, nikamalizia kahawa yake."

Holger akalifunika lile kopo la biskuti.

"Ulikuwa unapogoa mawaridi," Holger alisema. "Ulikuwa na glavu moja tu, ya kushoto. Nilikuuliza, ukaivua ndipo ukanijibu."

"Ndiyo," Jytte alisema.

"Baba," sauti ya Merete ilikuwa nyingine sasa. "Ongea nami wewe peke yako. Zima spika."

Holger akaichukua simu, akaiweka sikioni. "Fomu ile usiipeleke," alisema. Akasikiliza kidogo, akaifunika kwa kiganja, akamtazama Jytte. Hakuwa na hasira usoni. Jytte angeshukuru kama ingekuwapo.

"Nenda nyumbani, Jytte."

Akaenda. Sofus naye akainuka, akamfuata kwenye ukumbi, mkia ukicheza.

"Sofus," Holger aliita. Mbwa hakugeuka. "Sofus, njoo."

Mlangoni Jytte ilimbidi ainame, amsukume kifuani kwa mkono uleule uliomzoesha biskuti, na mbwa akadhani ni mchezo, akaulamba. Akamrudisha ndani, akauvuta mlango mpaka ukafungika. Nje kwenye ngazi alimsikia Holger akiita mara ya tatu, na kucha za Sofus zikiukwaruza mlango upande wa ndani.