Nage Haichezwi na Mtu Mmoja

Siku ambayo mjukuu wangu alinikimbia kwenye simu, mwanangu, haijanitoka moyoni, na sidhani kama itanitoka. Wewe unayesoma lugha ya watu ili uende kwao, keti kidogo nikusimulie. Mimi sina haraka. Nyumba yangu haina mtu wa kuniita.

Binti yangu Zainabu ni muuguzi Ujerumani. Aliolewa hukohuko, akajaaliwa mtoto mmoja wa kike, Salma. Mamake hushinda hospitali, babake hajui Kiswahili, basi mtoto amekua na Kijerumani tu kinywani. Kila Jumapili walikuwa wakinipigia simu ya video. Salma akija mbele ya kioo, akisema, "Hallo, Oma," yaani nyanya, nami nikijibu, "Hallo, Salma," kisha tukitazamana. Nikimwonyesha paka. Nikimwonyesha kanga mpya niliyonunua Biashara Street. Alikuwa akitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokijua. Jumapili hiyo nilimwona akimnong'oneza mamake, kisha akaondoka.

Nikauliza, "Amesemaje?"

Zainabu akasita. "Amesema, mama, ameshakwambia hallo."

Sikumlaumu mtoto. Maneno yetu yalikuwa hayo tu, nayo yalikuwa yamekwisha. Lakini simu ilipozimika nilikaa pale ukumbini mpaka adhana ya alasiri, na sikujua hata nilikuwa nikitazama nini. Nyumba zetu za Kibokoni, hapa Mombasa, zina kuta nene, mwanangu. Zamani tukizisifu kwa kuwa hazipitishi jua. Sasa mume wangu ametangulia mbele ya haki, wanangu wametawanyika, na nimejua kwamba hazipitishi sauti vilevile.

Wiki ile ile nilivaa buibui langu nikaenda kwenye chumba kimoja cha ghorofani, upande wa Buxton, nilikosikia Kijerumani kinafundishwa. Ndani walijaa vijana, wengi wauguzi na mafundi wanaojitayarisha kwa mtihani wa kwendea huko. Msichana mmoja akaniinukia kwa heshima. "Bi, unamtafuta nani?"

"Natafuta kiti," nikamwambia.

Huyo alikuwa Kadzo, muuguzi, mzaliwa wa Kaloleni. Akanipa kiti kilichokuwa karibu naye, na tangu siku hiyo kikawa changu. Mwalimu wetu, Mwanaisha, ni mdogo kuliko binti yangu, lakini elimu haitazami mvi, nami nilimwita mwalimu kama walivyomwita wengine.

Miezi ya mwanzo ilikuwa salamu, hesabu, na majina ya vyakula. Kisha tukafika kwenye somo la michezo na mambo apendayo mtu wakati wa mapumziko. Mwanaisha alibandika picha ukutani: mtu anaogelea, mwingine anaendesha baiskeli, mwingine anasoma kitabu. Akasema somo hili halikaririwi kwa kukaa, linachezwa. Basi mmoja akitoka mbele, akiigiza bila kusema, na sisi tukibahatisha neno. Mutua, kijana wa Ukambani anayefanya kazi bandarini, alijilaza juu ya kiti akarusha mikono kuigiza kuogelea, na darasa zima likajibu, "Schlafen," kulala. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Nikajua kwamba nilikuwa sijacheka hivyo muda mrefu.

Kisha mwalimu akatoa mpira mdogo wa manjano. Anayerushiwa ataulizwa, "Was machst du gern?" Unapenda kufanya nini? Naye atajibu, kisha amrushie mwenziwe. Mpira ukazunguka. Huyu anapenda kandanda, yule anapenda kuimba. Kadzo akasema anapenda mpira wa wavu, alikuwa akiucheza chuoni. Kisha akanirushia mimi.

Niliudaka kwa mkono mmoja. Mkono ulikwenda wenyewe, mwanangu, kama wa msichana. Lakini swali lilipokuja, nilisimama na mpira wangu nikakosa la kusema. Walidhani nimesahau neno. Mutua, kwa wema wake, akaninong'onezea, "Kochen," kupika. Kupika nilikujua. Lakini kupika si kitu nilichokuwa nikikipenda. Ni kitu nilichokifanya. Nilitafuta kwa Kijerumani, nikatafuta kwa Kiswahili, nikaona huko kote hakuna kitu.

Pale nikamkumbuka shangazi yangu Mwanakombo, Mungu amrehemu. Nilikuwa mwari niliyeolewa punde, na kila alipokuja kunitazama alinikuta nasugua, nafua, napika. Zamani kabla ya ndoa nilikuwa gwiji wa nage kichochoroni kwetu. Wawili husimama kwenye ncha wakirushiana mpira wa matambara, wengine hukaa katikati wakiukwepa, ukipigwa umetoka. Nikiwa katikati mimi, walikuwa wakichoka mikono. Siku moja shangazi alinikalisha akaniuliza, "Weye mwana, siku hizi wacheza nini?"

Nikamwambia, "Shangazi, mimi ni mke wa mtu sasa."

Akatikisa kichwa. "Mke wa mtu, naam. Na moyo nao ni wa nani? Tumbo laomba chakula likapewa. Moyo ukinyimwa chake haulii, hunyamaza tu. Na ukishanyamaza hutausikia tena ukuitapo." Niliona ni maneno ya mtu asiye na shughuli nyingi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi wengine guu letu huvunjika polepole, tusijue mpaka siku tukitaka kusimama.

Mwalimu Mwanaisha hakunisukuma. Alikuja karibu, akaniambia kwa upole, "Kama leo hakuna, tuambie cha zamani." Akaniandikia ubaoni neno "früher", zamani. Nikasema kwa kusitasita, "Früher habe ich Ball gespielt." Zamani nilicheza mpira. Darasa likanipigia makofi, nami nikakaa.

Jumapili iliyofuata, Salma alipokuja kusema hallo yake, nilimwahi kabla hajageuka. "Was machst du gern, Salma?"

Mtoto alisimama. Akamtazama mamake, akanitazama mimi. Kisha maneno yakamwagika kama maji ya mfereji uliokuwa umezibwa, na sikufahamu hata nusu. Nilidaka neno "klettern", kukwea. Zainabu akanieleza kwamba huko kuna kuta zilizotengenezwa ili watoto wazikwee, na ni mchezo wenye mwalimu. Kwetu mtoto akikwea ukuta huchapwa. Nilipomwambia Salma hivyo, kwa ulimi wa mamake, akacheka. Kisha akaniuliza, "Und du, Oma?" Na wewe je?

Nikampa sentensi yangu ya zamani. Akataka kujua ni mpira gani, unachezwaje. Ndipo nikaona kazi ya yale maneno tuliyoyachezea darasani. Kurusha, kudaka, kukimbia, katikati, nje: kila nililolijua nilimpa, na nililokosa nililionyesha kwa mwili, nikiruka ukumbini kwangu na umri huu, paka akajificha chini ya kochi. Jumapili ile Salma ndiye aliyekuwa wa mwisho kuiacha simu.

Wiki iliyofuata alipiga yeye. Nage ilikuwa imefika shuleni kwao, na wenziwe wameipenda. Alikuwa akihema kwa furaha. Kisha akaniuliza swali dogo tu, "Und mit wem spielst du?" Na wewe wacheza na nani?

"Allein," nikasema. Peke yangu. Ndilo neno lililokuwa karibu.

Salma akafikiri, uso umemkunjamana. Hakuwa akinihurumia, alikuwa akiifikiria nage yenyewe. Akasema, "Allein geht das nicht, Oma." Peke yako haiwezekani, nyanya. "Du musst fragen." Lazima uombe. Akanifundisha na namna ya kuomba, akaisema polepole nimfuatie: "Darf ich mitspielen?" Je, naweza kucheza nanyi?

Mwanangu, nimekula chumvi nyingi. Nimezaa, nimezika, nimeozesha. Lakini kwa sentensi ile nilihisi haya kama mtoto wa siku ya kwanza madrasani. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo tunalisema kila siku, kisha tunarudi nyumbani na kidole chetu kimoja tukafunga mlango.

Chini ya jengo letu la masomo kuna ua wenye meza ya mpira wa meza, na vijana walikuwa wakicheza pale baada ya darasa. Mimi nilikuwa nikiwapita nikisema, "Haya, wanangu, kwaherini," nikashika njia. Siku hiyo nilisimama. Wao walidhani napumzika kwa sababu ya jua. Nikakohoa kidogo. Nikasema, "Darf ich mitspielen?"

Mutua akanishikisha kibao chake mkononi, akanivutia pembeni kiti kilichokuwa kikizuia njia. Sikupiga hata mpira mmoja ukaenda nilikotaka. Mwingine ulivuka ukuta, ikabidi Kadzo atoke nje kuufuata. Hakuna aliyenicheka kwa ubaya. Nilirudi nyumbani nimetota jasho, na usiku nikalala bila kuwasha redio kwa ajili ya kusikia sauti ya mtu.

Kuanzia hapo Kadzo akawa anakuja kwangu Jumamosi. Nilikuwa nimefahamu kwamba naye hula peke yake katika chumba chake cha kupanga. Nikimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha tukiulizana maneno, mmoja anaigiza na mwingine anabahatisha, mpaka majirani wakauliza ni mgeni gani yule anayenifanya nicheke hivyo. Lakini wanaokwenda hawakusomea kubaki. Walifanya mtihani, wakapasi, wakaondoka mmoja mmoja. Kadzo alikuja kuniaga na mahamri ya mamake. Nilimkumbatia, nikamwombea dua mlangoni, nikapanda ngazi zangu. Sikudanganyi kwamba haikuuma. Jumamosi ya kwanza nilipika wali wa watu wawili kwa mazoea.

Baada ya muda alinipigia akilia. Huko kulikuwa na baridi na jua hutua mapema. "Bi Rukia, kazini najua kila neno," aliniambia. "Damu, dawa, kitanda, maumivu, yote. Nikivua nguo za kazi nakuwa bubu. Jumapili nzima sisemi na mtu."

Nikamuuliza anaona nini akitazama dirishani. Akasema kuna ukumbi ng'ambo ya barabara, na jioni watu huingia na mipira ya wavu.

"Na mpira wa wavu si ndio wako?"

"Naona haya, Bi. Hawanijui."

Nikamwambia, "Haya unayo, na lugha unayo. Moja iache kitandani, nyingine teremka nayo. Na ile sentensi unaijua. Uliisikia nikiisema mimi, mzee mzima, mbele yenu nyote."

Siku chache baadaye alinitumia ujumbe wa sauti. Alikwenda, akakuta timu zimetimia, akaambiwa arudi wiki ijayo. Alitembea nje akitokwa machozi. Lakini wiki iliyofuata alirudi, na mama mmoja mnene akamsogelea akamuuliza jina lake, akalitamka vibaya, akaomba alirudie mpaka akalipata.

Siku hizi Kadzo hanipigii mara kwa mara. Jumapili jioni humngoja, simu ikakaa kimya, nami husema alhamdulillahi, bila shaka yuko ukumbini. Ni shukrani yenye mchanga ndani yake, mwanangu, lakini ni shukrani.

Sasa nasaha yangu ni hii. Kazi itakufundisha maneno ya kazi utake usitake, kwa kuwa wenye kazi wanakuhitaji uyajue. Maneno ya furaha yako hakuna atakayekuhimiza uyasome. Yasome wewe. Mwalimu akikurushia mpira darasani usione ni utoto. Anakupa ufunguo wa mlango utakaosimama mbele yake ukiwa peke yako. Na kabla hujalijua neno, kiwepo kwanza kitu chenyewe: pendelea jambo moja, hata dogo, wala usilizike kwa sababu ya ndoa, wala ya kazi, wala ya umri. Kisha ukiwakuta watu wanacheza, usiwapite. Omba. Wakikukatalia leo, rudi wiki ijayo. Na ukiwa wewe ndiwe uliye ndani, ukamwona mtu amesimama kando akikohoa, mpishe.

Mungu akufungulie milango ya nchi za watu, akupe ulimi mwepesi na moyo usionyamaza. Akujaalie majirani watakaolijua jina lako, na kila jioni ya ugeni wako akupatie mtu wa kukurushia mpira. Amin.