Mgonjwa Aliyeitwa Kipimo

Saa moja asubuhi, Hilaria Bura anafunua beseni la maji ya uvuguvugu, anasoma kipimajoto, kisha anafumba macho na kusali kidogo. Nyuzijoto thelathini na saba. Leo ni siku ya tano; zimebaki mbili.

"Mungu ananisaidia na moto," anasema. "Watu ndio wananichosha."

Hilaria, miaka 41, anafanya kazi katika maabara ya hospitali ndogo jirani na mashamba ya ngano, Basotu. Ndani ya beseni kuna chupa tano za protini aliyoichanganya na sukari. Kwa siku saba sukari hung'ang'ania protini, kama inavyofanya katika damu ya mwenye kisukari. Kiasi chake kikishajulikana, damu za wagonjwa hulinganishwa na chupa hizo.

"Madereva wa mashine za shambani ni wajanja. Kesho kliniki, leo hawali, sukari inashuka. Lakini ile iliyoshika protini inasema habari za wiki tatu."

Chupa za awali, kabla ya hizi, aliziandika "Kipimo 1" hadi "Kipimo 5". Nicodemo, karani wa mapokezi, aliona karatasi ya majibu akaingiza wagonjwa watano daftarini. Kipimo 5, aliyezidi wote kwa sukari, akaandaliwa kitanda wodini na kuitwa mara tatu barazani. Ijumaa, siku ya kumwaga damu za zamani, chupa zote zikatolewa kwenye jokofu na kumwagwa kama damu za wagonjwa.

"Nilidhani ni ukoo," Nicodemo anajitetea.

"Ukoo gani unakaa kwenye jokofu, Nico? Niko mlango wa pili. Ungeniuliza."

Anayeumia ni Margwe, dereva wa mashine ya kuvuna. Meneja wa shamba hamruhusu kupanda mashine mpaka jibu la sukari yake litoke, na ngano imeshakauka. Kila asubuhi anakuja dirishani.

"Shikamoo, baba Margwe."

"Marahaba. Imeiva?"

"Si ugali, baba. Keshokutwa."

"Mvua ikitangulia, msimu wangu umekwisha."

"Basi tuombe isitangulie."

Safari hii Hilaria amenunua rangi nyekundu. Kila chupa itaandikwa RULA. "Rula haitolewi damu," anasema. "Keshokutwa jioni nataka kusikia mashine ya Margwe nikiwa hapa hapa dirishani."

Nicodemo anachungulia mlangoni, kalamu mkononi.

"Dada, huyo Rula ni mwanamume au mwanamke?"

Hilaria hacheki. Anafunga jokofu ambamo chupa zitahifadhiwa, anachomoa ufunguo na kuufunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili.