Mtoto wangu anataka niwaambie wakubwa wake kwamba hanitembeleangi

Admin, jina langu ficha, na kijiji usiseme, andika tu Lurambi. Mimi ni mama mzee. Miaka sijui vizuri, lakini bendera ya Uhuru ikipandishwa nilikuwa nimeshaolewa, mimba ya kwanza iko kwa tumbo, na sikuenda kuangalia juu ya kutapika. Shule sikuingia. Haya nasema kwa mdomo, jirani wangu anaandika kwa simu yake. Nimemwambia asinyooshe maneno yangu, aache vile iko.

Mzee wangu alienda zamani. Nakaa peke yangu. Asubuhi nafungulia kuku, naongea nao, jioni nafungia, naongea nao tena. Nikisonga obusuma, ugali yetu, nasonga ya watu wengi, mkono yangu haijui kidogo, halafu kesho nakula ile baridi na chai. Mama wa kanisa wakiniuliza msichana wako wa yunivasti anakujanga lini, nasema, "Alikuwa hapa juzi, mmepishana tu." Juzi gani? Hakuna juzi.

Huyo msichana wangu, sasa ni mama mzima, anafanya kazi ya pesa za utafiti pale yunivasti, kwa idara moja. Si mwalimu. Alinielezea zamani: wazungu wakituma pesa ya kuchunguza kitu, yeye ndiye anasoma mkataba, anaangalia pesa itumike vile walikubaliana. Mtu akitaka kununua kiti na pesa ya dawa, yeye anakataa. Nikamwambia, "Kumbe wewe ni mke wa kwanza wa boma, unashika ufunguo ya stoo!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Anakaa hapo tu mjini, na boda ni karibu, lakini ni kazi, kazi, kazi.

Sasa mwaka jana akakuja msichana mwingine, wa mradi ya hapo yunivasti. Wanatafuta wazee hawana mtu, wawe wanatembelewa na kuongeleshwa, waone kama presha itashuka. Yeye si wa huku, Kiswahili yake ni ile ya Mombasa, kama anaimba. Akaniuliza, "Bibi, una watoto wangapi?" Mama yangu! Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukisema ni wangapi umeita kifo kije kichague. Nikamwambia, "Hakuna hiyo, mama." Maana yake, hakuna kujibu hiyo. Yeye akasikia hakuna watoto. Akanishika mkono, "Pole sana, bibi." Mimi nikafikiri ni pole ya mzee wangu. Nikasema asante.

Ndio vile niliingizwa. Kila Jumanne anakuja, anafunga mkono yangu na ile kitambaa ya presha, anasikiliza vile ng'ombe ya mahari yangu ilitoroka ikarudi kwa baba ya bwana yangu, anacheka mahali pa kucheka. Nilikuwa naanza kufagia boma Jumatatu.

Halafu wakaja wakubwa wenye pesa, wanazunguka kuona wazee. Mmoja akaona picha kwa ukuta, mtoto wangu na ile joho nyeusi na kofia ya mraba. "Huyu ni nani?" Mimi na maringo: "Si huyo ndiye mtoto wangu! Ndiye anawashikia hiyo pesa yenu!" Nikafikiri watafurahi, nikatoka nje kushika ingokho, kuku ya wageni, nichinje. Kurudi, wanaangaliana. Yule wa Mombasa ameinama. Hata chai hawakungoja.

Siku hiyo hiyo gari ya mtoto wangu ikaingia. Admin, moyo yangu iliruka! Akashuka na viatu ya ofisi, hakusalimia.

"Mama, umenimaliza."

"Karibu, mama, ingia. Mbona umekonda hivyo?"

"Nilitia sahihi kwamba sina mtu wangu kwa huo mradi! Kwa karatasi wazee ni namba tu, sikuona jina. Sasa wanasema nilikuingiza nikulishe pesa yao. Kwa nini ulisema huna mtoto?"

"Sikusema. Aliniuliza wangapi."

Hiyo anaijua, ni mimi nilimlea. Akakaa kwa kiti ya baba yake, akashika kichwa.

Sasa kamati ya yunivasti imemwita, na mimi niende wiki ijayo. Mama wa kanisa waliulizwa, wakasema msichana anakujanga kila mara, mama mwenyewe ndiye anasema. Hiyo ndiyo inamchoma. Kama anakujanga, angekosa aje kujua niko kwa mradi?

"Waambie ukweli tu, mama," akasema. "Sema sijakanyaga hapa tangu tuzike baba. Sema sipigangi simu. Wakiamini hiyo, wataamini sikujua."

Alisema kama mtu anasoma bei ya sukari. Nikamuuliza, "Niseme hiyo mbele ya watu?"

"Ndio. Na useme kwa nguvu wasikie."

Tangu hapo anakuja kila jioni kunifundisha. Nikikosea ananirudisha mwanzo. "Sema tena, mama." Nami nakosea mara ingine makusudi, asiende. Anakula, anaosha sahani, jana alinisuka nywele. Obusuma haibaki.

Nikisema vizuri, kazi yake itabaki, atarudi kwa kazi yake. Nikisema anakujanga kila Jumapili na sukari, watamfukuza, na mtu akifukuzwa atarudi wapi kama si kwao? Hiyo fikira ilikuja yenyewe, sikuiita. Jirani amewacha kuandika, ananiangalia. Wewe andika! Sijasema nitafanya. Nasema tu imekuja, na haitaki kutoka.

Na yule wa Mombasa hatakuja tena, walimkataza.

Nyinyi wenye wazazi, na nyinyi wenye watoto, nishaurini. Siku hiyo wakiniuliza, "Mama, huyu anakujanga kwako?", niwaambie nini?